Sir Gilbert Walker: Mwanahisabati Aliyeisaka Mvua Katika Tarakimu

Utangulizi

Yeyote aliyelelewa Nyeri anaujua mwezi wa Februari kwa macho yake mwenyewe. Mlima Kenya, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hujitanda ushungi wa mawingu kabla jua halijapanda, hukaa wazi hata adhuhuri, vilele vyake vya Batian na Nelion vikionekana kana kwamba mtu angeweza kuvigusa kwa mkono. Vumbi hutimka katika njia za Kiganjo na Naro Moru. Nyasi zilizokuwa kijani kibichi wakati wa Krismasi hugeuka rangi ya mabua. Mgeni huyasifu mandhari hayo na kupiga picha. Mwenyeji huyatazama kwa wasiwasi, kwa maana huo ndio msimu wa moto.

Mnamo Machi 2012, moto uliteketeza eneo kubwa la nyasi na vichaka vya mlima huo, juu ya ukanda wa mianzi. Askari wa wanyamapori, walinzi wa misitu, wanajeshi na wanavijiji walipanda kupambana nao kwa siku kadhaa. Mwaka wa 2019, katika majira yale yale ya mwisho wa Februari na Machi, moto ulirudi. Safu za Aberdare, zilizo upande wa magharibi wa mji wa Nyeri, nazo zimeungua katika kiangazi cha namna hiyo, kama ilivyokuwa Februari 2022.

Wahenga walitufunza kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Je, dalili ya ukame ni nini, ilhali anga tupu halina kitu cha kusomwa? Na je, yawezekana mtu wa Nyeri akaambiwa mnamo Septemba kwamba Februari ijayo mlima utakuwa mkavu kuliko kawaida? Makala haya yanasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku katika ofisi za utabiri wa hali ya hewa duniani kote, Nairobi ikiwemo: Sir Gilbert Walker. Hatuna habari kwamba aliwahi kupanda Mlima Kenya, wala hakuandika juu ya moto wa misitu yetu. Hata hivyo, kila mara tunapoambiwa kwamba mvua za vuli huenda zikapungua, tunakula matunda ya mti alioupanda yeye. Tutaona pia kwamba mti huo ulichipuka kutokana na kushindwa kwake, na kwamba kuna kazi moja ambayo ametuachia sisi wanafunzi wa lugha.

Utoto na Elimu

Gilbert Thomas Walker alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mhandisi. Familia ilihamia Croydon, kusini mwa London, na kijana huyo akasomeshwa katika shule ya St Paul's. Huko ndiko walimu walipogundua kipawa chake cha hisabati. Alipendezwa sana na vitu vinavyozunguka, kuanzia pia ya mtoto hadi vyombo vya kisayansi vinavyodumisha mizani yake kwa kuzunguka.

Aliingia Chuo cha Trinity, Cambridge, na mwaka wa 1889 akaibuka wa kwanza katika mtihani mkuu wa hisabati, cheo ambacho katika Uingereza ya siku hizo kilimpa kijana sifa ya kitaifa. Bidii hiyo ilimgharimu afya. Mwaka uliofuata aliugua kwa uchovu, akalazimika kukaa Uswisi majira ya baridi ili apate nafuu. Mwaka wa 1891 alifanywa mwanazuoni wa kudumu wa chuo chake, na baadaye akawa mhadhiri.

Katika bustani za Cambridge zilizo kando ya mto, wanafunzi walizoea kumwona mhadhiri huyo akirusha bumerangi, yaani gongo lililopinda la wenyeji wa Australia ambalo likirushwa vizuri humrudia mrushaji. Rafiki zake wakamtania kwa kumwita kwa jina la gongo hilo. Kwake yeye, mchezo huo ulikuwa pia swali la hisabati: ni nguvu zipi zinazokifanya kitu kilichokwisha kuondoka kirudi kilikotoka? Aliliandikia makala za kitaalamu, na akaandika pia juu ya mwendo wa mipira na vyombo vingine vya michezo. Baadaye maishani alifanya utafiti kuhusu filimbi, chombo alichopenda kukipiga. Msomaji asidhani kwamba haya ni mapambo ya wasifu tu. Mtu aliyetumia ujana wake kuchunguza vitu vinavyokwenda na kurudi ndiye aliyekuja kugundua kwamba hewa ya dunia nayo inakwenda na kurudi.

Baa la Njaa na Mwito wa India

Ili kuelewa kwa nini mtu asiyekuwa na mafunzo yoyote ya hali ya hewa alikabidhiwa ofisi kubwa ya hali ya hewa, ni lazima tuitazame India ya wakati huo. Kilimo cha nchi hiyo kilitegemea mvua za Monsuni, zinazoanza Juni na kumalizika Septemba. Mvua hizo zilipokosekana mwaka wa 1877, mamilioni ya watu walikufa kwa njaa. Ukame haukuua peke yake. Kodi za mkoloni ziliendelea kudaiwa na nafaka ikaendelea kusafirishwa ng'ambo huku wakulima wakifa. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ilimtaka mkuu wa idara ya hali ya hewa, Henry Blanford, atafute njia ya kuzijua mvua mapema. Blanford alichunguza theluji ya milima ya Himalaya: theluji ikizidi, Monsuni hudhoofika. Mrithi wake, John Eliot, aliongeza dalili nyingine nyingi, na ripoti zake zikawa ndefu kurasa hadi kurasa.

Mwaka wa 1899 Eliot alitabiri mvua za kutosha. Mvua hazikuja. Baa la njaa lililofuata liliua zaidi ya watu milioni moja, na magazeti yakaishambulia idara yake. Serikali iliona heri kuufanya utabiri kuwa siri ya maofisa kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa karne ya 20. Hapa pana jambo la kuzingatia. Utabiri ulipokosea, mkoloni hakuamua kumweleza mkulima vizuri zaidi kiwango cha shaka kilichomo. Aliamua kutomwambia chochote.

Eliot alipokaribia kustaafu, aliona kwamba tatizo hilo lilihitaji mwanahisabati. Walker aliitwa. Kabla ya kuanza kazi alitembelea taasisi za hali ya hewa za Ulaya na Marekani ili ajifunze alichokuwa hakijui, na mwaka wa 1904, akiwa na umri wa miaka 35, alishika uongozi wa idara ya India, ambayo ofisi zake zilikuwa Simla, mji ulio kwenye vilima vya Himalaya. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha London, heshima kubwa kabisa kwa mwanasayansi wa Uingereza.

Mvua ya Zanzibar Katika Hesabu za Simla

Walker alianza kwa kukiri ujinga. Aliona kwamba sheria za fizikia zilizojulikana wakati huo hazikutosha kueleza kwa nini mwaka mmoja huwa na neema na mwingine balaa. Kwa hiyo aliamua kuziacha nadharia kando na kuziuliza tarakimu zenyewe. Alikusanya vipimo vya mvua, joto na mgandamizo wa hewa kutoka kila pembe ya dunia iliyokuwa na daftari la kuaminika, kisha akakokotoa ni kwa kiasi gani kipimo cha mahali pamoja hupanda au kushuka pamoja na kipimo cha mahali pengine, miezi kadhaa baadaye. Hapakuwa na kompyuta. Hesabu hizo, maelfu kwa maelfu, zilifanywa kwa kalamu na makarani wa Kihindi waliokaa safu kwa safu mezani. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Waingereza wengi katika idara yake, kazi iliendelea kwa sababu ya makarani hao. Walker pia alisisitiza kwamba wanasayansi wa Kihindi wapewe nafasi za juu, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika utumishi wa kikoloni.

Mwaka wa 1910 alitoa kanuni yake ya kutabiri Monsuni kwa kutumia dalili nne. Ya kwanza ni theluji ya Himalaya. Ya pili ni mgandamizo wa hewa wa Amerika Kusini. Ya tatu ni mgandamizo wa hewa wa kisiwa cha Morisi. Ya nne, ambayo inapaswa kumgusa kila msomaji wa jarida hili, ni mvua ya Zanzibar katika miezi ya Aprili na Mei.

Mvua ya Zanzibar inaihusu nini India? Mswahili wa pwani angemjibu Walker bila kuhitaji karani. Upepo wa kusi, unaoanza baada ya kaskazi kufa, ndio uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka Zanzibar kuelekea Arabuni na Bara Hindi. Kusi hiyo hiyo ndiyo inayovuka bahari na kuwafikia Wahindi ikiwa imebeba maji. Mabaharia wetu waliijua njia hiyo karne nyingi kabla ya idara ya Simla kuwapo. Alichoongeza Walker ni kipimo: masika yakiwa mazito mno Zanzibar, India ilikuwa na sababu ya kuhofu, kwa kuwa mvua iliyokwama karibu na ikweta ilielekea kuwa ishara ya Monsuni dhaifu. Hivyo basi daftari la mvua la kisiwa cha Waswahili liliingia katika mojawapo ya kanuni za kwanza za utabiri wa msimu duniani.

Uaminifu wa Mtu wa Tarakimu

Kuna kishawishi kinachomkabili kila mtu anayetafuta dalili. Ukilinganisha vitu 100, ni lazima baadhi vitaonekana kuhusiana kwa bahati nasibu tu. Jogoo akiwika kila siku kabla ya mapambazuko, asiyefikiri atadhani jogoo ndiye anayeliamsha jua. Walker aliutambua mtego huo mapema. Mwaka wa 1914 alieleza kwamba uhusiano uliochaguliwa kwa sababu ndio mkubwa kati ya mingi iliyojaribiwa unapaswa kupimwa kwa mizani kali zaidi kuliko uhusiano uliojaribiwa peke yake. Kanuni hiyo inatumika hadi leo, na mtafiti yeyote wa shahada ya uzamili angefaa kuibandika ukutani.

Moyo huo wa kuitambua thamani popote ilipo ulionekana pia mwaka wa 1913. Alipokuwa ziarani Madras, alionyeshwa madaftari ya karani mmoja maskini wa ofisi ya bandari ambaye hakuwa na shahada yoyote. Karani huyo alikuwa Srinivasa Ramanujan. Walker alikiri kwamba hisabati ile haikuwa fani yake hasa, lakini aliona kwamba kazi hiyo ingelingana na ya mwanazuoni wa Cambridge. Akauandikia Chuo Kikuu cha Madras barua ya kumwombea kijana huyo msaada wa masomo. Ombi likakubaliwa, na Ramanujan akaachana na kazi ya ukarani. Leo anahesabiwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa kabisa wa karne ya 20.

Bembea ya Kusini

Katika miaka ya mwanzo ya 1920, jambo lilijitokeza katika majedwali ya Walker ambalo hakuwa amelitafuta. Mgandamizo wa hewa unapokuwa juu katika Bahari ya Pasifiki, huwa chini katika eneo la Bahari ya Hindi, kutoka Afrika hadi Australia. Unapopanda huku, hushuka kule. Ni kama watoto wawili waliokalia ncha mbili za ubao: mmoja akienda juu, mwenzake huenda chini. Walker alilipa jambo hilo jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita Bembea ya Kusini. Alitambua pia bembea nyingine mbili za kaskazini, moja ya Atlantiki na nyingine ya Pasifiki, lakini akaona kwamba ile ya kusini ndiyo yenye nguvu na mapana zaidi.

Hakuweza kueleza ni mkono wa nani unaoisukuma bembea hiyo. Alihisi kwamba huenda siri imo baharini, kwa kuwa maji hubadilika polepole na kuhifadhi joto kwa miezi mingi, lakini vipimo vya joto la bahari vilikuwa haba. Akaandika alichokijua, akaacha wazi asichokijua.

Mwaka wa 1924 alipewa hadhi ya Sir na kuondoka India baada ya miaka 20. Alifundisha elimu ya hali ya hewa katika Chuo cha Imperial, London, hadi 1934, na akaendelea kuchapisha majedwali yake. Wenzake wengi hawakushawishika. Walihoji: itawezekanaje mvua ya Zanzibar, hewa ya Amerika Kusini na theluji ya Himalaya zifungwe katika fungu moja bila nadharia inayoeleza sababu? Tena, baadhi ya dalili zake zilidhoofika miaka ilipopita. Warithi wake India waligundua jambo la kejeli: Bembea ya Kusini ilisaidia zaidi kujua yatakayofuata baada ya Monsuni kuliko kuijua Monsuni yenyewe. Kwa kipimo cha kazi aliyotumwa kuifanya, yaani kuwaokoa Wahindi na njaa kwa kuijua Monsuni mapema, Walker alikuwa ameshindwa. Alifariki tarehe 4 Novemba 1958 huko Surrey, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 90. Wengi walimkumbuka kama mtu mwema, mwanahisabati hodari, aliyepoteza miaka yake mingi akifukuza kivuli.

Baada ya Kaburi

Katika miaka ile ile ya mwisho wa uhai wake, 1957 na 1958, mataifa yalishirikiana katika kampeni kubwa ya kuipima dunia, na kwa bahati kipindi hicho kikaangukia El Niño, yaani hali ya maji ya Pasifiki karibu na Peru kupata joto kupita kawaida. Jacob Bjerknes, mwanasayansi mwenye asili ya Norwei aliyefanya kazi California, aliyachunguza matokeo na kuona kile ambacho Walker alikosa vipimo vya kukiona. Bahari na hewa zinaisukuma bembea kwa pamoja. Maji ya magharibi mwa Pasifiki yakiwa na joto, hewa hupanda huko na kushuka mashariki. Joto likihamia mashariki, mzunguko huo hulegea. Mwaka wa 1969 Bjerknes aliuita mzunguko huo kwa jina la Walker, miaka 11 baada ya mwenye jina kuzikwa.

Bjerknes aliweza kufanya hivyo kwa sababu majedwali yalikuwapo. Lau Walker angeyachoma kwa aibu, au angeyapamba ili yafanane na utabiri wake, Bjerknes asingekuwa na cha kukisoma.

Na sisi je? Mzunguko huo una tawi lake juu ya Bahari ya Hindi, na tawi hilo ndilo linalotuhusu. Katika mwaka wa El Niño, Afrika Mashariki huelekea kupata vuli nzito, kama ilivyokuwa 1997 ambapo madaraja na barabara za Kenya zilisombwa. Katika mwaka wa La Niña, ambayo ni kinyume chake, vuli huelekea kupungua. Kati ya 2020 na 2022, La Niña ilidumu kwa miaka mitatu na Pembe ya Afrika ikakosa mvua msimu baada ya msimu. Mwaka wa 1999 wanasayansi walieleza bembea nyingine iliyomo ndani ya Bahari ya Hindi yenyewe, na hiyo ndiyo iliyochangia sana mafuriko ya mwisho wa 2019. Ni haki kukiri kwamba elimu hii inaieleza vuli vizuri zaidi kuliko masika.

Mlima na Moto Wake

Sasa turudi Nyeri. Moto wa mlimani huhitaji cheche, na cheche aghalabu hutoka mkononi mwa binadamu: mrina asali anayefukiza nyuki, mchoma makaa, mwindaji haramu, au mtu mwenye nia mbaya. Hakuna utabiri unaoweza kuuona mkono huo. Kinachoweza kutabiriwa ni kama cheche ikianguka itazimika yenyewe au itakula mlima. Mambo manne huamua: joto, unyevu wa hewa, upepo, na mvua iliyonyesha hivi karibuni. Wataalamu wa Kanada waliyaunganisha manne hayo katika kipimo kimoja cha hatari ya moto, ambacho hukadiria ukavu wa majani madogo ya juu na wa tabaka zilizo chini yake, na kipimo hicho sasa kinatumika katika nchi nyingi.

Mambo hayo hutabiriwa kwa siku chache tu mbele. Lakini maandalizi ya moto huanza miezi kadhaa kabla. Vuli ikikosekana, nyasi na vichaka vya juu ya msitu huingia Januari vikiwa na kiu tayari. Vuli ikizidi, nyasi hurefuka sana, na kiangazi kikali kikizifuata huwa ni kuni nyingi zilizokauka. Kwa hiyo mwaka wa neema nao haupaswi kumlaza usingizi mlinzi wa msitu. Mlima wenyewe una nyuso mbili: Chogoria, Chuka na Embu hupokea upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi, ilhali Nanyuki na Timau zimekaa katika kivuli cha mvua. Taarifa moja kwa mlima mzima haitoshi.

Vyombo vya kupimia vipo. Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka wa 1929 chini ya Albert Walter, aliyetoka katika kituo cha Morisi, kisiwa ambacho hewa yake ilikuwa mojawapo ya dalili nne za Simla. Tangu 1999 kuna kituo cha kupima hali ya angahewa kwenye Mlima Kenya penyewe, katika kimo cha mita 3,678. Kituo cha ICPAC cha nchi za IGAD, kilichoko Ngong, na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa kila msimu.

Kazi Tuliyoachiwa

Utabiri huo hutolewa kwa lugha ya uwezekano. Tuchukue mfano wa kubuni: husemwa kwamba uwezekano wa mvua kuwa chini ya wastani ni asilimia 45, kuwa ya wastani asilimia 35, na kuzidi wastani asilimia 20. Maana yake ni kwamba ukame una nafasi kubwa kuliko hali nyingine, lakini haujahakikishwa. Habari hiyo ikishuka kutoka Ngong hadi redioni, na kutoka redioni hadi sokoni Karatina, mara nyingi hufika ikiwa imepoteza tarakimu zake: mvua hazitanyesha. Mvua zikinyesha, wataalamu huitwa waongo, na mwaka unaofuata hakuna anayesikiliza. Ndilo kosa la 1899 likijirudia kwa njia nyingine.

Sehemu ya tatizo imo katika neno lenyewe. Mtabiri, kwa Kiswahili, ni mtu aliyefunuliwa yajayo. Nyeri inawakumbuka watu wa aina hiyo, na jina la Mugo wa Kibiru, nabii wa Wakikuyu aliyesimuliwa kuwa aliona ujio wa wageni na nyoka wa chuma, bado linatajwa kwa heshima. Nabii hasemi asilimia 45. Tunapolitumia neno lilo hilo kwa ofisa wa hali ya hewa, tunamtwika joho asiloliomba, kisha tunamlaumu kwa kutolijaza. Si lazima tuliache neno utabiri, kwa maana limekwisha kuota mizizi. Lakini ni wajibu wetu, sisi tunaosomea lugha hii, kutafuta misemo ambayo itamfikishia mrina asali, mlinzi wa msitu na mkulima kiwango cha shaka bila kukipotosha. Mkulima wa Nyeri, anayegawa mwaka wake kwa msimu wa njahi na msimu wa mwere, anaujua uwezekano vizuri mno. Ndiyo maana hapandi mbegu zake zote siku moja. Maarifa anayo, na sisi hatujampatia sentensi inayolingana nayo.

Hitimisho

Maisha ya Walker yanatufunza kwamba kushindwa kunakoandikwa kwa uaminifu kunaweza kuwafaa wengine kuliko ushindi wa kupambwa. Alitumwa kuisaka Monsuni, hakuipata. Alichokipata ni mwendo wa hewa unaoifunga Peru na Zanzibar, na Zanzibar na miteremko ya Kirinyaga. Gongo alilolirusha Simla halikumrudia akiwa hai. Limetua mikononi mwetu, karne moja baadaye, kila Septemba tunapoelezwa habari za vuli inayokuja. Tukilipokea na kulieleza kwa Kiswahili sahihi, huenda mtu mmoja huko juu ya ukanda wa mianzi, akiwa na njiti ya kibiriti mkononi mwezi wa Februari, akasita.